Maji Mafu ya Tarehe Kumi na Nne

Marani, 25 Septemba 2025

Beverlyne, mtoto wa mtoto wangu,

Ni mimi Magokoro wako, Drusilla Nyangate. Anayeandika ni Deka, binti wa Salat mwenye duka la nguo hapa sokoni. Kalamu ni yake, mdomo ni wangu. Lugha yetu, Ekegusii, hajui kuiandika, ndiyo maana leo mimi na nyanya yako mwenyewe tunaongea Kiswahili kama watu waliokutana kwa chifu. Hapana, Deka, futa. Mimi ndiye nyanya. Andika: mimi na mjukuu wangu. Amekataa kufuta, anasema karatasi itachafuka. Basi.

Simu usinipigie tena. Ile ya Jumapili nilisikia upepo, na kitu kikilia kama mbuzi. Deka akaniambia ulikuwa unacheka. Masikio yangu yamekwisha, lakini barua nikisomewa karibu, nasikia yote, na nikisahau namwambia Deka arudie.

Sasa nikuulize. Ulipopata kazi ya uuguzi huko pwani nilichinja jogoo. Hukuniambia wagonjwa wako wanakaa visiwani. Hukuniambia muuguzi lazima ajifunze kuendesha boti ndiyo apewe kazi kabisa. Mimi nilidhani mgonjwa anakuja kwa muuguzi na miguu yake, au analetwa na bodaboda kama hapa. Nani alikudanganya kwamba mtu wa Marani ana shughuli na bahari? Sisi maji tunayabeba kichwani. Hayatubebi sisi.

Ndugu ya mama yako, Mogire wangu, alichukuliwa na mto huu wa hapa chini akiwa na miaka tisa, na maji yalikuwa ya kiuno. Ya kiuno, Beverlyne! Siku tatu tulimtafuta, tukampata kwa sababu mto una kona, na mahali pa kona vitu vinakwama. Bahari ina kona gani? Mtu wetu anazikwa kwake, karibu na nyumba, kuku wanapita juu, na mtoto akiuliza anaambiwa huyu hapa ni fulani. Wewe nitakuzika wapi? Nitazika sweta?

Niandikie unavaa nini ukiwa ndani ya hicho chombo, nani anakaa karibu na wewe, na mtihani ni lini. Usinifiche. Nimekulea tangu una meno mawili, najua ukinyamaza unanyamazia nini.

Na kula. Mtu mwepesi maji yanamchukua haraka.

Mimi,
Magokoro


Shimoni, 1 Oktoba 2025

Magokoro wangu,

Barua yako imefika juzi na basi. Niliisoma nikiwa nimeketi gatini, yaani pale boti zinapofungwa, na nikacheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini.

Unataka kujua navaa nini. Navaa jaketi la kuelea, rangi ya machungwa. Lina mikanda mitatu, na Mwalimu Sadiq anaivuta mmoja mmoja kabla hatujakanyaga boti. Ukiacha mmoja wazi anakurudisha nyumbani siku hiyo. Ni mzee mfupi, hapandishi sauti. Siku ya kwanza alituambia neno moja tu, na kila asubuhi lazima tumrudishie: boti likipinduka, usiliache. Kichwa cha mtu hakionekani baharini. Boti linaonekana.

Anayekaa karibu nami ni Zaki. Tunafanya mtihani wawili wawili, na mimi nimepangwa naye. Ni kijana wa kisiwani, amekuwa majini tangu utotoni, ila hana cheti, na bila cheti hawezi kuajiriwa kuendesha boti letu la wagonjwa. Mama yake ananitumia mkate wa sinia kila Ijumaa, ananiita mwanangu na hajaniona hata mara mbili. Zaki hunicheka nikisema "geuza kuria." Anasema, "Dada Bev, huko Kisii hamna herufi el? Tukuletee gunia?"

Maji ya hapa hayakai, Magokoro. Asubuhi yapo chini ya miguu yako. Mchana yameondoka, unaona matope na kaa wanatembea. Halafu yanarudi. Kuna siku zinaitwa bamvua na kuna siku zinaitwa maji mafu. Mtihani wetu ni Jumanne tarehe 14, siku ya maji mafu, Mwalimu Sadiq ameichagua mwenyewe. Tutapita kwenye mlango, yaani pengo la mwamba ambapo boti hutokea kwenda bahari kuu, tuzunguke boya na kurudi. Kwenda, usukani ni wa Zaki. Kurudi, ni wangu.

Wananiita nikafunge injini. Nitakueleza zaidi barua ijayo. Siogopi, kwa hivyo nawe usiogope.

Wako,
Beverlyne


Marani, 6 Oktoba 2025

Beverlyne,

Naumwa. Njoo.

Usiulize ni ugonjwa gani, ungekuwa unajulikana nisingekuita. Nimelala tangu Ijumaa. Chai haijachumwa, na Nyakundi jirani ndiye anakama ng'ombe wangu, na unajua mikono yake ilivyo.

Uwe umefika kabla ya tarehe 14. Huo mtihani hautakimbia. Waambie wakufanyie siku ile nyingine uliyotaja, ile ya mvua.

Ukikataa kuja, sawa. Utakuja kwa lile lingine, la kunizika.

Magokoro

Mimi Deka: nimeandika kama nilivyoambiwa.


Shimoni, 17 Oktoba 2025

Magokoro,

Nimefika salama. Nafurahi nilikuacha ukiwa umesimama. Siku tano zile nilizokaa nilikupima presha asubuhi na jioni, nikakupima joto na mapigo ya moyo, na vyote vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Mwambie Nyakundi nimeshukuru kwa maziwa, hata kama alimwaga nusu.

Usijaribu kumwambia Deka anipigie. Jana nikiinama kuvuta kamba, simu iliponyoka mfukoni, ikaenda. Zaki alisema samaki sasa wataanza kukuomba vocha.

Sasa nikueleze mambo yalivyo. Tarehe 14 wenzetu walifanya mtihani, wote wakapita. Mimi sikuwepo, na kwa kuwa tunaenda wawili wawili, Zaki naye aliachwa. Aliniambia, "Bibi yako ni bibi yangu. Tutaenda pamoja, siku yoyote." Mkaguzi anayetoa vyeti atakuja mara moja tu tena kabla ya mwaka kwisha, Alhamisi tarehe 23. Mwalimu Sadiq hakupenda, kwa sababu tarehe 23 ni bamvua.

Barua ile nyingine nilikatizwa, sikukufafanulia. Mwezi ukiwa nusu, maji hupanda kidogo na kushuka kidogo. Hayana nguvu, yamelegea kama mtu aliyelala. Ndiyo wakaziita siku hizo maji mafu. Hizo ndizo siku za mwanafunzi. Lakini mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hujaa mpaka yalambe barabara, kisha huondoka kwa fujo, na yote yanataka kutokea pale pale mlangoni. Hiyo ndiyo bamvua. Ukikutana na maji yanayotoka, na upepo unaingia, mawimbi husimama wima. Mwalimu amesema tutatoka tu maji yakisimama, dakika chache kabla hayajageuka. Mkaguzi akija kwa wakati, hakuna shida.

Siogopi. Naona nimeandika neno hilo mara ya pili sasa.

Ukiwa na nguvu, niombee Alhamisi asubuhi.

Beverlyne


Marani, 20 Oktoba 2025

Beverlyne, mama, mtoto wangu,

Usiende. Kabla Deka hajaandika kitu kingine, ameandika hilo. Usiende.

Barua yako imefika leo saa nne. Deka amenisomea hapa nje ya duka, na alipofika pale kwa mwezi nusu akaacha kusoma. Nikamwambia soma. Akasoma. Nikamwambia rudia. Akarudia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimekaa chini kwa mchanga mbele ya wateja wa Salat.

Sikuwa mgonjwa. Sasa nimesema. Nilikula ugali kabla hujafika na nikala ukienda kuchota maji. Nililala kitandani siku tano na mwili mzima kama ng'ombe, nikikuangalia unanifunga hicho kitambaa cha presha mkononi.

Ulisema maji mafu. Uliandika hivyo kwa mkono wako: mtihani ni siku ya maji mafu. Mimi sikusoma hata siku moja, lakini kufa najua ni nini. Nilimuuliza Deka, maji mafu ni maji gani? Akasema, Nyanya, sijui, mimi nimezaliwa Kisii mjini, labda ni maji yaliyoua watu. Tukakaa. Nikasema, na hii bamvua? Akasema, hii iko na mvua ndani yake. Basi mimi nikafurahi! Mvua! Mvua nimeijua maisha yangu yote, mvua inanyesha hapa kila siku saa tisa na hakuna mtu amekufa. Nikasema mtoto wangu aondolewe kwa maji mafu apelekwe kwa siku ya mvua. Nikatunga ugonjwa.

Mimi ndiye nimekutoa mahali pazuri kwa mikono yangu na kukuweka mahali pabaya.

Deka amekupigia mara kumi na moja. Najua simu iko kwa samaki, lakini nimemwambia apige. Namba ya huyo Sadiq hatuna. Salat ameuliza watu wa basi, wamesema barua ikiondoka kesho asubuhi, Alhamisi itakuwa hapo. Saa ngapi hawajui. Nimewaambia dereva aendeshe kama mke wake anazaa.

Sikiliza. Ukipata barua hii ukiwa bado una miguu kwa nchi kavu, kaa. Keti chini kama mimi nilivyoketi. Cheti kikipotea, kazi ikipotea, rudi hapa uchume chai na mimi, hakuna atakayekucheka, na atakayekucheka nitamfuata mpaka kwake. Na huyo Zaki mshike shati, naye asiende. Yeye pia ni mimi nimemweka hapo. Hilo limenijia sasa hivi tu Deka akiandika, kwamba huyo mtoto wa watu alikuwa apite tarehe kumi na nne pamoja na wenzake, awe amemaliza.

Mungu wangu.

Deka, funga. Wapelekee watu wa basi sasa hivi.

Magokoro

Nyongeza ya Deka: Dada Beverlyne, nisamehe. Lile neno nililisema mimi. Sikujua, na sikusema vya kutosha kwamba sijui.


Shimoni, Alhamisi 23 Oktoba 2025, saa nane mchana

Kwa Bibi Drusilla Nyangate,

Shikamoo, bibi. Mimi ni Sadiq, mwalimu wa mjukuu wako. Nimempigia Deka, ambaye namba yake ndiyo Beverlyne aliyoijaza kwenye fomu yetu. Ameniambia simu huisikii, nimwandikie kwenye simu yake naye akusomee. Basi nakuandikia kwa haraka, na sitakuficha.

Boti lenye Beverlyne na Zaki lilitoka saa tatu asubuhi. Mkaguzi alichelewa kufika, na maji yaliyosimama alfajiri yalikuwa yametupita. Nilitaka tungoje hadi saa tano, maji yasimame. Mkaguzi alisema ana safari nyingine, ama watoke wakati ule ama wasitoke kabisa mwaka huu. Ilinipasa kufunga boti kwa mnyororo. Sikufunga. Zaki aliniambia, "Mwalimu, huu ni mlango wetu, mimi nimezaliwa hapa." Mimi na mkaguzi tulibaki gatini, nikawaona wakiingia mlangoni. Sikuwaona wakitoka upande wa pili.

Boti tatu zinawatafuta tangu saa nne. Majaketi walivaa, mikanda yote nilivuta mwenyewe.

Saa nne hiyo hiyo imeletwa bahasha ya Beverlyne kutoka Marani. Iko mezani pangu, haijafunguliwa.

Nikipata habari, yoyote, nitampigia Deka papo hapo. Mama yake Zaki yuko hapa gatini. Naye nimemwambia hivi hivi.

Sadiq


Mombasa, 28 Oktoba 2025

Magokoro,

Najua Mwalimu alipiga jioni ile ile kusema tumepatikana, na kwamba Deka alifunga duka akakimbia mpaka kwako na kiatu kimoja. Lakini nilitaka usikie kutoka kwangu. Mkono wa kulia umeshonwa, ndiyo maana herufi zimelala. Mwili mwingine wote ni mzima.

Mlangoni maji yalikuwa yamesimama kama kuta. Wimbi la kwanza tulipanda, la pili tukapanda. La tatu liliinua boti pua juu, likaligeuza. Nilipotokeza kichwa nilisikia Zaki akipiga kelele. Mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya boti na mwamba, halafu wimbi likaja likaliondoa boti, na maji yaliyonizunguka yakabadilika rangi.

Nilishika boti. Nilimshika yeye kwa ukosi wa jaketi. Usiliache, usiliache, nilikuwa nasema kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii, kisha sijui kwa lugha gani. Mkondo ulitubeba mpaka nchi kavu ikawa mstari mwembamba, kisha sikuuona hata huo mstari. Nilitoa mkanda mmoja wa jaketi langu, nikamfunga juu ya goti, nikakaza mpaka damu ikasimama. Kabla ya adhuhuri maji yaligeuka, yakaanza kuturudisha polepole. Saa kumi na moja walituona. Waliona boti, kama Mwalimu alivyosema.

Mguu wa Zaki umekatwa juu ya goti. Daktari amesema ule mkanda ndio uliomwacha hai, na ule mkanda, kwa kukaa saa zote zile, ndio uliofanya mguu usiponyeke. Amesema nilifanya vizuri. Nimemuuliza mara mbili, amesema vizuri.

Barua yako niliifungua Ijumaa, hapa wodini. Magokoro, sikia na mimi nikuambie jambo. Nilijua. Mimi ni muuguzi. Siku ya kwanza nilipokufunga kile kitambaa nilijua huna ugonjwa wowote, na ulikuwa na ugali kidevuni. Ningeweza kugeuka kesho yake na kuwahi tarehe 14. Nilibaki siku tano kwa sababu mimi nilikuwa naogopa. Kila usiku tangu nije huku nimeota maji yananiingia masikioni. Ulinipa ruhusa ya kukimbia na nikaichukua, na nikakuacha uamini umenidanganya.

Kwa hivyo tuko wawili. Na mimi nakuomba, tunyamaze. Hakuna anayejua ila mimi, wewe na Deka. Barua nimeichana. Mama Zaki analala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, na asubuhi ananiletea uji, ananiambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyemrudisha." Nitamwambiaje? Itamsaidia nini kujua kwamba mwanawe alipelekwa siku ile kwa sababu ya neno lililoeleweka vibaya? Mguu hauoti.

Sijagusa maji tangu siku ile. Hata kuoga najimwagia kwa kikombe. Mwalimu anasema mkaguzi amekubali kurudi mwezi ujao, wa kumi na moja, nirudie mtihani bila kulipa chochote. Nimemwambia narudi nyumbani. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 6, Zaki ataruhusiwa kwenda kwao kisiwani. Nikishamuaga hapa hospitali, nitapanda basi.

Niandalie kitanda.

Beverlyne


Marani, 31 Oktoba 2025

Beverlyne,

Siandai kitanda.

Kaa hapo ulipo, ninakuja mimi. Salat amenikatia tikiti ya Jumanne. Wamecheka sokoni kwamba Nyangate ambaye hajavuka Kisii mjini anaenda mpaka mwisho wa Kenya. Nimewaacha wacheke. Deka ananisindikiza, ameomba mwenyewe, na baba yake amekubali. Ana neno lake la kusema huko.

Barua yako Deka amenisomea mara nne. Pale pa ugali kidevuni nilikasirika, kwa sababu niliufuta. Halafu nililia. Mtoto mjinga! Ungeniambia unaogopa, ningekuita nyumbani bila kujifanya mgonjwa, ungekuja ukalala kwangu ukaogopa vizuri na kumaliza. Mimi nilidhani niko peke yangu na hofu, nawe ulidhani uko peke yako na yako, tukalala chumba kimoja siku tano tukidanganyana. Sisi wawili ni watu wa kuchapwa.

Lakini kunyamaza, hapana.

Unauliza itamsaidia nini huyo mama. Sijui. Labda haitamsaidia. Labda atanifukuza, na akinifukuza nitaondoka. Lakini mimi nimezika mtoto, na nikuambie kitu ambacho hata mama yako hakukijua. Siku ile Mogire alichukuliwa na mto, kuna mtu alimtuma ng'ambo akijua mto umefura. Mtu huyo alikuja matanga, akakaa, akala, akalia na mimi, akanishika bega. Miaka kumi na miwili baadaye ndiyo nikajua. Si kule kumtuma kulikonimaliza, Beverlyne. Mtu hukosea. Ni lile bega. Ni ule mkono nilioushukuru. Mpaka leo nikikumbuka nataka kujichuna ngozi hapo.

Sasa huyo mwanamke anakuletea uji. Unaunywa. Unaelewa?

Usimwambie kitu kabla sijafika. Si kwa sababu ya kuficha, ni kwa sababu la kwangu si lako. Mimi ndiye nilitunga ugonjwa. Nitamwambia kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili changu hiki kibovu, na asiponielewa nitarudia mpaka anielewe. Deka atasema la kwake. La kwako, la zile siku tano, utalisema wewe au utaliacha, mimi sitakusukuma na sitalisema kwa niaba yako.

Tena usimuage huyo kijana hospitalini. Nimesikia kwao ni kisiwani, na kisiwani hakuna daraja. Basi nitavuka. Mimi, Nyangate, ambaye leo hata beseni la nguo nalisogelea nikishika ukuta. Nimeota hilo boti siku tatu. Nimeota nimeketi ndani yake na hakuna chini.

Na wewe ndiye utanivusha. Si Sadiq. Sadiq akae karibu yako, kwa sababu cheti huna, na avute hiyo mikanda yangu mara mbili, ila usukani ushike wewe. Usiniambie unaogopa, najua. Ogopa ukiwa umeushika. Kule kisiwani daima kuna mwanamke anayezaa na hana mtu, nawe unataka kuja hapa kukunja shuka.

Mwambie Sadiq achague siku na saa yeye mwenyewe. Akisema tungoje wiki, tutangoja wiki, nitalala kwenye hiyo gati. Sitabisha, na sitauliza maji ya siku hiyo yanaitwaje.

Nikifika kwa huyo mama, mimi nitatangulia mlangoni. Wewe na Deka mkae nyuma yangu. Na akileta kiti, nisikae kabla sijasema.

Magokoro wako,
Drusilla Nyangate